Matinde Walimrudisha Mara Tatu

Jumatatu, 7 Julai

Dawa nimekunywa. Asubuhi, kabla ya uji. Nesi wa zahanati kasema niandike kila siku niliyokunywa ile ya presha, nikirudi aone. Binti wa Songea yule, mdogo, anaamkia vizuri. Hajui kwamba mimi Bhoke nikipewa daftari siandiki dawa peke yake. Darasa la tatu nilifika. Mkono mzito, lakini unafika.

Ng'ombe wamekwenda josho. Yule mweupe anachechemea bado.

Nyangi ametundika picha. Nyangi ni mke mwenzangu, mdogo. Mzee alikufa akatuacha kwenye boma moja, mlango wangu na wake unatazamana. Picha ni ya mjukuu wake Matinde, anayefanya kazi pwani ya Kenya, mahali watu wanaruka kutoka kwenye ndege kwa kupenda wenyewe. Yuko hewani. Amefungwa mikanda kifuani kwa mwalimu wake, miguu imekunjwa kama kuku anayepelekwa mnadani, mdomo wazi. Nchi chini yake ndogo kama uteo.

Watu wanakuja kuiona. Mchungaji naye kaja, kanywa chai. Nyangi anafuta kioo kwa kanga yake. Kioo hakina vumbi. Anafuta tu.

Nina wivu. Naandika kwa sababu hakuna wa kusoma.

Jumatano, 9 Julai

Dawa nimekunywa.

Leo picha imetolewa nje ipigwe jua, eti ukuta una unyevu. Julai hii! Unyevu gani? Imeegemezwa mbele ya mlango wake, inatazama mlango wangu.

Nyangi alizaa wanaume watano. Mimi mabinti wawili, wakaolewa, wakaenda. Nyumba bila mtoto wa kiume kwetu inazimika kama jiko. Nilikataa kuzimika. Nikatoa ng'ombe wangu mwenyewe, wa jasho langu, nikaoa mke, Wegesa, aniletee watoto. Nyumba ntobhu. Kila Mkurya anajua. Wegesa akazaa mmoja, Gati, naye msichana, halafu basi, Mungu akafunga. Gati ana miaka ishirini na miwili. Ndiye mlango wa nyumba yangu. Hakuna mwingine.

Nyangi ana wajukuu mpaka anakosea majina. Na bado katika wale wote akapata wa kuruka angani. Mtu mwenye zizi lililojaa, mvua nayo inamnyeshea yeye.

Jumamosi, 12 Julai

Dawa nimekunywa jioni, nilisahau asubuhi kwa furaha.

Gati karudi kutoka ng'ambo ya mto Mara, upande wa Serengeti, anakofua mashuka kwenye mahema ya watalii. Ana habari. Wamekuja wanaume wawili na ndege ndogo, wako kwenye uwanja wa vumbi karibu na mahema yao. Mmoja rubani, hasemi sana. Mwingine wanamwita Kepteni. Huyo anarusha watu. Wanataka msichana mwenyeji aruke amefungwa na Kepteni, wapige picha, wazitumie kuvuta watalii. Wamemwona Gati akianika mashuka, wakasema huyu huyu. Bure kabisa. Jumamosi ijayo.

Nilimuuliza maswali gani wamemuuliza. Kasema hakuna. Jina tu.

Nilipiga kigelegele. Mimi, magoti haya, nilisimama uani nikapiga kigelegele mpaka Nyangi akatoka na mwiko mkononi. Nikamwambia. Nilimwambia polepole, neno moja moja, aonje.

Akasema, "Hongera, dada."

Uso wake sikuupenda. Haukuumia vya kutosha.

Jumapili, 13 Julai

Dawa nimekunywa. Kanisani nimewaambia wote. Mchungaji kasema atakuja kuiona picha. Nimemwambia aje na njaa.

Wegesa hajafurahi. Alikuwa anapepeta mtama, akasema bila kuinua kichwa, "Mama, mtoto ni mmoja." Nikamwambia Matinde naye alikuwa mmoja siku aliyoruka, hawakuruka kumi. Wegesa akikasirika anapepeta kwa nguvu, makapi yote yanakuja kwangu.

Jumanne, 15 Julai

Matinde kafika kwa likizo, kupitia mpaka wa Sirari. Suruali imembana. Ila kaja kuniamkia mimi kwanza kabla ya kuingia kwa bibi yake. Hilo naliandika. Adabu anayo.

Kaleta sukari. Nimeipokea.

Dawa nimekunywa.

Jumatano, 16 Julai

Leo nimekasirika. Naandika nikiwa na hasira bado.

Matinde alikuja asubuhi, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Bibi mkubwa, nimesikia ya Gati. Hao watu ni wa wapi? Wanaitwaje?" Nikasema Kepteni. Akasema hilo si jina, hilo ni kofia. Kampuni yao inaitwaje? Kibali cha serikali cha kurusha watu kiko wapi? Sikujua. Gati naye hajui. Ana namba ya simu tu.

Basi akaanza kunifundisha. Mimi! Kasema mahali pa kweli mtu anapimwa kilo. Anafundishwa chini kwanza, ardhini, jinsi ya kukunja miguu, zaidi ya mara moja. Anajaza karatasi. Kuna mfuko wa kitambaa juu ya mti unaoonyesha upepo. Kuna mtu wa kukagua mikanda ambaye si yule anayeruka. Na kila begi lina parachuti mbili, moja ya kazi na moja ya akiba, ile ya kwanza ikigoma. Kazi yake yeye ni kukunja zile za kwanza. Ya akiba hata yeye haruhusiwi kuigusa, ina fundi wake aliyesomea. Fundi akimaliza anafunga uzi mwekundu na kipande cha madini ya risasi, anaandika kadi: tarehe, sahihi, na namba ya begi. Kadi inakaa kwenye kimfuko cha begi lenyewe. Kadi na begi haviachani.

Halafu akasema, "Hao wengine, bibi, utawajua kwa kuwa hawakatai mtu. Leo umekuja, leo unaruka. Kwetu, mimi mwenyewe walinirudisha mara tatu. Mara ya kwanza upepo. Mara ya pili mawingu. Mara ya tatu nilikuwa na mafua tu."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Mara tatu! Kumbe picha ile yote, kioo, chai ya mchungaji, na msichana mwenyewe alikataliwa mara tatu! Gati wangu walimpenda kwa kumwona tu akianika mashuka.

Nikamwambia, "Una wivu, mjukuu wangu. Umezoea kuwa peke yako huko juu."

Akainama. Akasema, "Haya, bibi. Ila umwombe aione kadi." Akaenda.

Dawa nimekunywa kwa maziwa.

Alhamisi, 17 Julai

Dawa nimekunywa.

Nimewaambia wanawake kisimani ile habari ya mara tatu. Wamecheka. Mmoja kaigiza Matinde akipanga foleni na mafua yake. Nyangi alikuwa anachota, akatwika ndoo yake, akaondoka. Nilijisikia vizuri mpaka nilipofika nyumbani. Halafu sikujisikia kitu.

Ijumaa, 18 Julai

Gati kapiga simu. Kila kitu tayari, kesho saa tatu asubuhi. Nikamuuliza kama wamempima kilo. Kasema hapana. Wamemfundisha kukunja miguu? Kasema Kepteni kamwambia atamfundisha ndani ya ndege. Nikauliza mafua. "Bibi, umeanza lini kuuliza mafua?"

Nilimwalika Nyangi aje kuona. Usifikiri ni kwa wema. Nataka asimame pale, aangalie juu mpaka shingo imuume.

Kakubali. Kasema atavaa kitenge kipya. Hata hapo lazima anishinde.

Dawa nimekunywa mbili. Nesi asisome hapa.

Jumamosi, 19 Julai

Dawa sijanywa.

Nitaandika yote ilivyokwenda.

Tulitoka alfajiri, mimi, Nyangi na Matinde, gari la kukodi. Wegesa alikataa kuja. Kafunga mlango kwa ndani. Njiani sikusema. Nyangi alikula mahindi ya kuchoma, akanimegea, nikala.

Uwanja ni vumbi na nyasi zilizofyekwa. Hakuna kibao. Nilitafuta ule mfuko wa kitambaa wa upepo, sikutaka Matinde aone natafuta. Haupo. Kepteni alilowesha kidole, akakiinua. Kijana mzuri, meno meupe, miwani myeusi. Kaniamkia shikamoo vizuri kabisa. Kanishika mikono yote miwili. Naandika hili kwa sababu mimi nilitegemea mtu mbaya awe na sura mbaya.

Gati alikuwa ameshavaa mikanda. Macho yanang'aa. Sijamwona hivyo tangu amalize shule. Alizunguka ili nimwone mbele na nyuma.

Begi liko mgongoni kwa Kepteni, jeusi lenye mistari myekundu. Nikaona hapa ndipo pa kumnyamazisha Matinde. Wallahi sikuuliza kwa hofu. Niliuliza kwa kiburi. Nilitaka watu wote waone. Nikasema kwa sauti, "Mura, kijana wangu, hebu nionyeshe ile kadi ya begi lako, huyu mtoto wa Kenya atulie."

Kepteni akacheka. Akasema, "Bibi wa kisasa!" Akaingiza mkono, akatoa kadi.

Kutoka mfuko wa shati.

Nataka nieleze hapa, maana mtu asiyefuga hataelewa. Kwetu ukinunua ng'ombe unaomba barua ya mtendaji wa kijiji alikotoka. Barua inasema: dume, jekundu, pembe ya kushoto imevunjika, alama iko paja la kulia. Mwizi wa ng'ombe hakosi barua. Siku zote anayo. Anayo moja nzuri, yenye muhuri wa kweli, ya ng'ombe wa kweli aliyekwisha kuliwa zamani. Anauzia nayo ng'ombe kumi. Mzee wetu alinunua hivyo mara moja, kwa kuona muhuri tu. Wenye ng'ombe wakaja wakifuata kwato mpaka zizini kwetu, akalala kituoni siku mbili kama mwizi yeye. Alipotoka alituita mimi na Nyangi, tukiwa wake wachanga bado, akasema, "Muhuri msiusome. Msomeni ng'ombe, halafu ndiyo msome barua." Nimenunua ng'ombe maisha yangu yote hivyo. Sijawahi kuibiwa.

Na huyu kijana na meno yake kanionyesha muhuri.

Nikamwambia ageuke. Akageuka, anacheka bado. Kwenye begi kuna kitambaa kimeshonwa chenye namba. Miwani sikuwa nayo, nikasogeza uso mpaka karibu nimbusu mgongo. Nikasoma kwa kidole. Mwisho wake moja na saba. Nikasoma kadi. Mwisho wake nne na moja. Nikasoma tena. Nikamwita Nyangi. Naam, nilimwita Nyangi, maana yeye macho yake mazuri na tulifundishwa siku moja. Akasoma. Akaniangalia.

Nikasema, "Hii kadi si ya begi hili."

"Bibi, hizo ni namba tu."

"Begi la kadi hii liko wapi?"

Akasema liko Nairobi, yako mengi, kadi zimechanganyika. Matinde akafunua kifuniko nyuma ya begi kwa vidole viwili. Uzi mwekundu haupo. Akakirudisha polepole. Angejisifu, ningeweza kumchukia.

Nikamwambia Gati avue. Gati akakataa. Akasema mbele ya watu wote, "Wewe ndiye uliyetaka!" Kweli. Akasema nimemtangaza kanisani, kisimani, sasa namwaibisha mbele ya watu wa kazini kwake. Kweli tupu. Nikamshika mkanda, akanitoa mkono. Kepteni akasema bibi ameshikwa na woga, wote hushikwa, na upepo utazidi, twende, twende. Rubani akawasha. Vumbi likatupiga. Gati akaanza kutembea kwenda kwenye ndege na mtu yule mgongoni kwake kama kupe.

Nilisimama tu. Nyumba yangu yote inatembea na mimi nimesimama.

Ndipo Nyangi akatoka na kitenge chake kipya, akaenda mbele ya ndege, akakaa chini. Kwenye vumbi. Akanyoosha miguu kama anayesubiri kusukwa. Rubani akampungia mkono atoke. Nyangi akafungua kibuyu akanywa maziwa.

Nikaenda nikakaa karibu naye.

Alisema, "Sogea, dada, unanikanyaga kitenge."

Tulikaa mpaka rubani akazima. Kepteni alivua miwani, na macho yake hayakuwa mazuri kama meno. Alitutukana. Nikamwambia amtukane mama yake kwanza apate mazoezi. Watu wa mahema wakaja, meneja wao akaja, akaomba kibali. Kepteni akasema kiko njiani. Kila kitu chake kiko njiani au kiko Nairobi.

Gati alifungua mikanda mwenyewe. Akaitupa. Hakupanda gari letu.

Jumapili, 20 Julai

Dawa nimekunywa. Kanisani sikwenda. Tumbo.

Si tumbo.

Jumatatu, 21 Julai

Dawa nimekunywa.

Ile ndege imeondoka jana, hakuna ajuaye ilikokwenda. Kwa hiyo sitajua. Labda ile parachuti ingefunguka vizuri, akatua, picha tukatundika. Mara nyingi hufunguka, Matinde kasema hivyo mwenyewe. Hata ng'ombe wa wizi anatoa maziwa. Nimewaza hili kutwa nzima.

Gati hapokei simu yangu. Anapokea ya mama yake. Namsikia Wegesa akicheka naye nyuma ya nyumba.

Na kijijini je, wanasema nini? "Bibi Nyangi kakaa mbele ya ndege!" Kisimani wanaigiza Nyangi na miguu yake, na kibuyu. Nani alisoma namba? Nani aliuliza kadi? Hakuna anayeuliza. Mimi niko kwenye hadithi kama mtu aliyemkanyaga kitenge.

Ijumaa, 25 Julai

Dawa nimekunywa.

Gati kaja. Kachoka, kakonda. Alikaa jikoni, nikampa ugali na maziwa, akala. Halafu akasema bado anataka kuruka. Si kwa picha. Anataka kujua kuna nini huko juu.

Nilitaka kumpiga kwa mwiko. Halafu nikaona uso wake. Uso wangu ule. Mimi nilipoambiwa nyumba yako imezimika nilikuwa na uso huo.

Mke mkubwa haendi kuomba nyumbani kwa mdogo. Mdogo ndiye anakuja. Hivyo ndivyo tulivyokuta, na mimi nimeishi humu miaka yote sijawahi kuvuka ua huu kwa shida. Leo nimevuka. Picha ilikuwa inanitazama muda wote. Nyangi alinipa kiti kizuri, na hilo liliuma kuliko angenipa kigoda.

Nilimwambia Matinde, mbele ya bibi yake, kwamba nilimcheka kwa ujinga. Nikamwomba amchukue Gati, ampeleke kazini kwake, wamfundishe polepole, wampime, wamkague.

Matinde kasema, "Bibi mkubwa, wanaweza kumkataa."

Nikasema, "Wamkatae."

Nyangi akaleta chai. Kikombe cha wageni, kile alichonyweshea mchungaji.

Jumatatu, 28 Julai

Dawa nimekunywa. Gati na Matinde wamepita Sirari salama. Wegesa amelia, mimi nimekaripia mbuzi.

Jumapili, 10 Agosti

Dawa nimekunywa.

Gati kapiga simu. Kapewa kazi ya kufagia na kujifunza kukunja parachuti. Siku saba anakunja na kukunjua, bado hawaridhiki. Jana ilikuwa aruke na mwalimu. Kapimwa, kafundishwa, kavaa, kafika mpaka mlango wa ndege. Upepo ukaja. Wakamrudisha. Alikuwa analia kwenye simu.

Nilisema pole. Moyo ulikuwa unacheza kwa furaha.

Alhamisi, 21 Agosti

Dawa nimekunywa. Yule ng'ombe mweupe kapona mguu.

Nilikuwa naanika mtama, Nyangi kaja kunisaidia kutandaza. Hatuongei sana. Wivu bado ninao, nisijidanganye. Nikiona ile picha bado kuna kitu kinanikwaruza. Nafikiri nitazikwa nacho.

Simu ikalia tukiwa pale pale. Gati. Leo mawingu. Wamemrudisha tena. Hakulia safari hii, kacheka kidogo.

Nilirudisha simu mfukoni. Nikatandaza mtama. Nikangoja Nyangi aulize, akauliza.

"Wamemrudisha," nikasema. "Mara ya pili."

Nyangi akasema wa kwake walimrudisha mara tatu.

Nikasema najua. Nangoja.